Diski ikijaa, kompyuta hukosa kinga

KATIKA mji wa Kitengela, kando ya barabara kuu iendayo Namanga, saiba imekuwa kama ofisi ya serikali isiyopeperusha bendera. Hapo ndipo mkazi huwasilishia taarifa zake za ushuru kwa KRA kabla ya Juni 30 kila mwaka. Hapo ndipo mwanafunzi huombea mkopo wa HELB, na hapo ndipo mnunuzi wa ploti hupeleka hatimiliki ipigwe skani kabla ya kuonana na wakili. Hali si tofauti Kajiado mjini, makao makuu ya kaunti, umbali wa takriban kilomita 50 kusini kwa barabara iyo hiyo.

Kompyuta nyingi zinazotumika katika biashara za aina hii ni za mitumba. Zilifanya kazi katika ofisi za ng'ambo kwa miaka kadhaa, zikauzwa kwa jumla, na hatimaye zikafika katika maduka ya Nairobi na viunga vyake. Zina nguvu ya kutosha kuchapisha barua na kufungua tovuti ya eCitizen. Hata hivyo, mnamo Oktoba 14, 2025, kampuni ya Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida ya kurekebisha Windows 10, isipokuwa kwa watumiaji waliojiandikisha kupata nyongeza ya muda. Windows 11 nayo hukataa kompyuta nyingi za zamani, kwa sababu hudai kichakataji cha miaka ya karibuni pamoja na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0.

Ndiposa baadhi ya wenye saiba wameanza kuuliza habari za Linux, mfumo unaopatikana bila malipo kupitia matoleo kama vile Ubuntu na Mint. Ni hatua ya busara. Lakini Linux nayo ina jambo moja ambalo aghalabu huwanasa wanaoihamia bila maelezo: sehemu ndogo ya diski hujaa kimyakimya, usasishaji hukwama, nayo kompyuta huendelea kufanya kazi kana kwamba hakuna lililotokea. Mteja hachelewi, printa haigomi, na mwenye duka hana habari kwamba mashine yake haijapata kinga mpya kwa miezi au hata miaka.

Ili tuelewane, yafaa tuanze na istilahi. Kiswahili kimekuwa na mjadala mrefu mintarafu ya kompyuta yenyewe, hata kabla hatujafika kwenye vilivyomo ndani yake. Vitabu vya shule nchini Kenya hufunza "tarakilishi", wapo wanaopendelea "ngamizi", ilhali wauzaji na wanunuzi husema "kompyuta" na mambo yakaenda. Wenzetu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipotoa programu za ofisi za Jambo OpenOffice kwa Kiswahili mwaka 2004, walionyesha kwamba lugha hii inaweza kubeba teknolojia bila kuteguka mgongo. Katika makala haya tutatumia "keneli" kwa ile sehemu ya ndani kabisa ya mfumo endeshi. Neno "kiini" ni zuri, ila lina kazi nyingine nyingi, na mtu akisoma juu ya kiini cha tatizo la kiini atachanganyikiwa bure.

Keneli ni programu inayosimama kati ya mashine na programu nyingine zote. Kivinjari kikitaka kuhifadhi faili, hakiigusi diski, huiomba keneli. Programu ya kuandikia ikitaka kuchapisha, huiomba keneli. Ndiyo inayogawa kumbukumbu, muda wa kichakataji na njia ya kuelekea kwenye mtandao, na ndiyo inayoamua nani anaruhusiwa kusoma faili ya nani. Keneli ya Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo akiwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland. Leo huendesha sehemu kubwa ya seva za intaneti duniani pamoja na kila simu ya Android, hivyo kwamba mfugaji wa Isinya aliye na simu ya aina hiyo mfukoni tayari ni mtumiaji wa Linux, ajue asijue.

Kwa kuwa keneli ndiyo bawabu, hitilafu ndani yake ina uzito kuliko hitilafu katika programu ya kawaida. Mifano miwili yatosha. Mnamo Oktoba 2016 kulitangazwa kasoro iliyopewa jina Dirty COW, ambayo ilikuwa imejificha katika keneli tangu 2007. Ilimwezesha mtumiaji wa kawaida, asiye na ruhusa yoyote maalumu, kujipandisha cheo hadi kuwa msimamizi wa mashine nzima. Kisha mwezi Machi 2022 Max Kellermann, mtaalamu wa programu, akatangaza nyingine iitwayo Dirty Pipe, iliyoingia kupitia keneli ya toleo la 5.8 mwaka 2020. Aliigundua alipokuwa akifuatilia malalamishi ya kawaida kabisa: kwamba baadhi ya faili za kumbukumbu za seva zilikuwa zikiharibika bila sababu. Kasoro hiyo nayo ilimfungulia mtumiaji mdogo njia ya kubadilisha faili asizoruhusiwa kuzibadilisha.

Zingatia kwamba kasoro zote mbili zilimhitaji mtu awe tayari ndani ya mashine, angalau kama mgeni. Katika kompyuta ya nyumbani hilo ni kinga ya kiasi fulani. Katika saiba si kinga hata kidogo, kwa maana biashara yenyewe ni kumkaribisha mgeni aketi mbele ya kibodi. Mgeni mmoja mwenye nia mbaya akijifanya msimamizi kwa dakika 10, anaweza kupachika programu ya kunasa kila herufi itakayopigwa na wateja watakaomfuata: nambari za kitambulisho, nywila za iTax, nywila za baruapepe. Kasoro hizo mbili zilirekebishwa, na marekebisho yakasambazwa bila malipo. Lakini kwa kawaida marekebisho hayo hufika kwa njia ya keneli mpya kuingia kwenye diski na kompyuta kuwashwa upya ili iitumie.

Hapa ndipo suala la nafasi linapoingia.

Watu wengi hudhani kwamba kusasisha ni kufuta cha zamani na kuweka kipya mahali pake. Kwa programu nyingi ndivyo ilivyo. Kwa keneli ya Ubuntu na jamaa zake sivyo. Keneli mpya huwekwa kando ya ile ya zamani, na ya zamani huachwa palepale. Sababu ni ya maana: iwapo keneli mpya itakosana na kifaa fulani cha mashine, mwenye kompyuta anaweza kurejea kwa ile ya jana na kuendelea na kazi. Isitoshe, kompyuta inayoendelea kufanya kazi haiwezi kubadilishiwa keneli hivi hivi, kama vile matatu haibadilishiwi injini ikiwa njiani kati ya Kitengela na Athi River. Itatumia ile iliyoanza nayo asubuhi mpaka izimwe na kuwashwa tena.

Matokeo ni kwamba keneli hurundikana. Kila moja huleta faili zake katika folda iitwayo /boot, ambamo kompyuta hutazama kwanza inapowashwa. Iliyo nzito zaidi aghalabu ni ile ambayo jina lake huanza kwa "initrd", yenye vifaa vya muda vya kuiwezesha keneli kuitambua diski kabla mfumo wote haujaamka. Kando na hizo, kila keneli ina viendeshi vyake vya vifaa chini ya folda ya /lib/modules, ambavyo huchukua mamia ya megabaiti.

Kama diski nzima ni kipande kimoja kikubwa, mrundikano huo huchukua muda mrefu kuleta madhara. Taabu hutokea pale /boot ilipotengewa kipande chake pekee. Hufanyika hivyo hasa fundi anapochagua kusimba diski, yaani kuifungia data yote kwa nywila, jambo ambalo ni zuri kwa kipakatalishi cha biashara. Keneli haiwezi kukaa ndani ya sehemu iliyofungwa kwa kuwa ndiyo inayokuja kufungua, hivyo hupewa ploti yake nje ya lango.

Wakazi wa Kitengela hawahitaji kuelezwa sana habari ya ploti. Wamelishuhudia eneo lililokuwa malisho na mapito ya wanyamapori wa Mbuga ya Nairobi likikatwa vipande vya futi 50 kwa 100, na kila kipande kikazungushiwa ua. Ua ukishajengwa, uwanja mtupu wa jirani haukusaidii kitu. Diski iliyogawanywa iko vivyo hivyo. Kompyuta inaweza kuwa na gigabaiti 400 tupu katika kipande kikubwa, na bado ikashindwa kuingiza keneli moja kwa kuwa kipande cha /boot kimejaa.

Ukubwa wa ploti hiyo umebadilika kadiri miaka ilivyosonga. Ubuntu ya mwaka 2014 iliitengea takriban megabaiti 250. Wakati huo keneli moja na faili zake ilihitaji karibu megabaiti 30, kwa hiyo nafasi ilitosha kadhaa. Matoleo ya karibuni hutenga zaidi ya gigabaiti moja, kwa sababu keneli moja na faili zake sasa huweza kufikia megabaiti 100 au zaidi. Mashine iliyo hatarini zaidi, kwa hivyo, ni ile iliyowekewa Ubuntu zamani, kisha ikapandishwa toleo baada ya toleo bila diski kugawanywa upya. Mfumo umekua ilhali ploti ni ile ile ya 2014, mfano wa barabara ya kijiji iliyobaki na upana wake baada ya kijiji kuwa mji.

Ploti ikijaa katikati ya usasishaji, kinachotokea si kwamba keneli mpya hukataliwa kwa adabu. Huingia nusu. Kisimamizi cha pakiti, programu iitwayo apt, huandika katika daftari lake kwamba kuna kazi haijakamilika, na kila ukiiagiza kitu kingine hujaribu kwanza kuimaliza ile ya awali, hukosa nafasi, huvunjika moyo na kuacha. Marekebisho ya programu nyingine, ambazo hazina uhusiano wowote na keneli, huanza kupanga foleni nyuma ya hiyo moja iliyokwama. Ujumbe wa kuonya huwa umetokea kwenye skrini, lakini saa mbili asubuhi, foleni ikiwa imefika mlangoni, nani huusoma? Mfanyakazi huufunga na kumhudumia mteja.

Wapo mafundi ambao, wakiitwa kutatua jambo hili, huzima usasishaji wote na kuondoka. Onyo hutoweka, bando la intaneti hudumu zaidi, na mwenye duka huridhika. Kwa maoni ya mwandishi, huyo hajatengeneza kompyuta. Ameondoa king'ora katika nyumba inayofuka moshi.

Dawa yenyewe si ngumu, mradi ifanywe kwa utaratibu. Jambo la kwanza ni kujua keneli inayotumika sasa hivi. Katika dirisha la amri, andika "uname -r" na kompyuta itajibu kwa nambari ndefu; Ubuntu ya 22.04, kwa mfano, ilitolewa na keneli ya jamii ya 5.15, na ile ya 24.04 ikaja na 6.8. Nambari hiyo iandikwe kwenye karatasi, kwa kuwa ndiyo isiyopaswa kuguswa. Amri ya "df -h" nayo huonyesha kila kipande cha diski, ukubwa wake na asilimia iliyotumika. Ukiona /boot imepita asilimia 80, usingoje.

Baada ya hapo, amri ya "sudo apt autoremove --purge" huziondoa keneli ambazo hazihitajiki tena na kubakisha inayotumika pamoja na iliyo mpya zaidi. Kabla ya kukubali, kompyuta huonyesha orodha ya vitakavyoondolewa na kusubiri jibu. Orodha hiyo isomwe. Ikiwa ndani yake kuna kitu usichokifahamu, kama vile programu ya kusimamia muda wa wateja, jibu la hapana halina gharama.

Kosa linalofanywa mara nyingi na wanaojifunza ni kuingia katika /boot na kufuta faili kwa mkono. Nafasi hupatikana papo hapo, ni kweli. Lakini daftari la apt bado linasema keneli hiyo ipo, na programu ya kuwashia kompyuta, GRUB, bado inaielekeza mashine kwenye faili ambayo haipo. Asubuhi inayofuata duka hufunguliwa, kompyuta huwashwa, na skrini hubaki nyeusi yenye herufi chache zisizoeleweka. Ikiwa apt imekwama kabisa kwa ukosefu wa nafasi, fundi mwenye uzoefu hutumia programu ya chini yake, dpkg, kuondoa pakiti moja ya keneli kuukuu kwa jina lake kamili. Nafasi ikipatikana, amri ya "sudo apt --fix-broken install" humalizia kilichoachwa nusu. Kisha usasishaji huendelea kama kawaida.

Ni vyema pia kubakisha keneli moja ya akiba hata kama nafasi ni haba. Kuna kadi za Wi-Fi, hasa katika vipakatalishi vya zamani, ambazo viendeshi vyake havimo ndani ya keneli na hulazimika kuundwa upya kila keneli inapobadilika. Uundaji huo ukishindwa, mtandao hupotea. Hapo mwenye kompyuta huizima, huiwasha tena huku akibonyeza Shift au Esc kulingana na aina ya mashine, na katika orodha ya GRUB huchagua keneli ya awali kwenye chaguo za ziada. Kazi huendelea huku fundi akitafutwa. Aliyefuta zote isipokuwa moja hana pa kurejea.

Kuna aina nyingine ya kujaa ambayo huwatatiza hata wenye ujuzi. Kompyuta hulalamika kwamba hakuna nafasi, ilhali "df -h" inaonyesha diski ina nafasi tele. Katika mfumo wa faili wa ext4, ambao ndio wa kawaida katika Ubuntu, kila faili huhitaji usajili wake uitwao inodi, na idadi ya inodi hupangwa siku diski inapoandaliwa. Zikiisha, faili mpya haiandikwi hata kama ni ya herufi tatu. Ni sawa na ofisi ya ardhi iliyoishiwa na nambari za usajili huku viwanja vingali vitupu. Vichwa vya keneli, yaani pakiti zinazotumiwa kuundia viendeshi, huwa na maelfu kwa maelfu ya faili ndogondogo, kwa hivyo keneli zilizorundikana huweza kumaliza inodi kabla ya kumaliza megabaiti. Hutokea zaidi katika diski ndogo na seva za kukodi. Amri ya kutazama ni "df -i".

Tukitoka kwenye /boot na kuingia katika kipande kikubwa, tunakuta mrundikano wa aina tofauti. Folda ya /var/cache/apt huhifadhi pakiti zilizopakuliwa na zikishawekwa hazina kazi. "Sudo apt clean" huzifuta. Daftari la matukio ya mfumo huweza kukua hadi gigabaiti 4 kwa mpangilio wa kawaida, na printa yenye hitilafu inayolalamika kila sekunde husaidia kulijaza. Hayo hufagiwa kwa dakika chache.

Kilicho kizito, na cha hatari, ni nakala za wateja. Mtu huja na kitambulisho, hupigwa skani, hutumwa kwa baruapepe, na huenda zake. Nakala hubaki. Mwingine hupakua cheti cha PIN ya KRA, mwingine makubaliano ya kuuziana shamba yenye majina, sahihi na nambari za vitambulisho vya pande mbili. Zote hubaki katika folda ya vipakuliwa. Yeyote aliyeketi katika chumba cha habari anaijua tabia hii: picha moja huhifadhiwa mara 5 kwa majina 5 tofauti na hakuna anayethubutu kufuta hata moja. Tofauti ni kwamba picha ya gazeti ilikusudiwa kuonekana na umma. Hatimiliki ya mtu haikukusudiwa.

Katika kaunti ambayo migogoro ya ardhi haikauki mahakamani, folda hiyo ni hazina kwa tapeli. Tena si suala la adabu pekee. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 humtaka anayeshughulikia data ya watu aihifadhi kwa usalama na asikae nayo kuliko inavyohitajika. Afisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ina mamlaka ya kutoza faini hadi Sh5 milioni au, kwa biashara, asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliotangulia, kutegemea kiasi kilicho kidogo. Mwenye saiba anayefuta nakala za wateja kila jioni hupunguza mzigo wa diski na mzigo wa sheria kwa pigo moja.

Kufuta nako kuna hila yake. Faili iliyotupwa kwenye pipa la taka bado ipo diskini hadi pipa limwagwe. Hali kadhalika, mteja akija na flashi na faili zikafutwa humo kupitia Linux, mara nyingi huhamishiwa kwenye folda iliyofichika ndani ya flashi hiyohiyo, ambayo jina lake huanza kwa ".Trash". Mteja huenda nyumbani, huichomeka kwenye mashine ya Windows, huona flashi "tupu" iliyojaa, na huapa kwamba saiba imemwambukiza virusi. Kumwaga pipa kabla ya kuchomoa humwondolea wasiwasi, na kama alifuta barua za siri, humwondolea pia hatari.

Wafugaji wa Kimaasai wana utaratibu waliouita olopololi: sehemu ya malisho karibu na boma inayotengwa kwa ajili ya ndama na mifugo dhaifu, ambayo kundi kubwa haliruhusiwi kuingia hata nyasi zikipungua kwingine. Waliobuni ext4 walifikia wazo linalokaribiana nalo. Mfumo huo hutenga asilimia 5 ya nafasi kwa ajili ya msimamizi, ili diski ikijaa kwa watumiaji wa kawaida, msimamizi bado aweze kuingia na kusafisha. Katika diski ya gigabaiti 500 hizo ni gigabaiti 25, na ndiyo sababu moja ya hesabu za nafasi kutolingana na kilichoandikwa kwenye kasha. Kiwango hicho chaweza kupunguzwa katika kipande cha kuhifadhia picha na video. Katika kipande chenye mfumo wenyewe, heri kiachwe.

Kuhusu wakati wa kusasisha, msimu una uzito wake. Wiki ya mwisho ya Juni si wakati wa kugusa keneli katika saiba yoyote nchini. Jumapili jioni ni afadhali, na ni afadhali zaidi ikiwa kuna betri ya akiba. Umeme ukikatika wakati keneli inaandikwa, faili huachwa nusu, na hakuna anayeweza kutabiri: usiku wa Agosti 25, 2023, sehemu kubwa ya nchi ilikuwa gizani. Kipakatalishi chenye betri nzima hakina shida hiyo. Kompyuta ya mezani iliyokumbwa na mkasa huo mara nyingi huokolewa kwa kuiwasha kupitia keneli ya akiba, kisha kuiagiza "sudo dpkg --configure -a" ili imalizie kazi iliyokatizwa.

Gharama ya bando nayo haipuuziki. Keneli na viendeshi vyake hufikia mamia ya megabaiti kwa kila mashine, na duka lenye mashine 10 litapakua kitu kilekile mara 10. Programu iitwayo apt-cacher-ng huwekwa katika kompyuta moja, ikapakua mara moja na kuzigawia nyingine kupitia waya wa ndani ya duka. Ni kazi ya asubuhi moja kwa fundi anayejua.

Mwisho ni suala la toleo lenyewe. Matoleo ya Ubuntu ya muda mrefu hupata marekebisho ya kawaida kwa miaka 5. Lile la 18.04 lilifikia kikomo Mei 2023, na la 20.04 Mei 2025. La 22.04 limepangiwa hadi 2027 na la 24.04 hadi 2029. Aliye na toleo lililopitwa anaweza kujiandikisha kwa huduma ya Ubuntu Pro, ambayo ni ya bure kwa kompyuta zisizozidi 5 na huongeza muda hadi miaka 10. Akiamua kupanda toleo, hawezi kuruka: kutoka 20.04 hupitia 22.04 kabla ya kufika 24.04, na kila hatua hutaka gigabaiti kadhaa za bando na za diski. Kwa duka la Kajiado lenye mashine iliyogawanywa diski mwaka 2014, hesabu huwa nyepesi zaidi kwa kunakili data muhimu kwenye diski ya nje, kuiweka Ubuntu upya kutoka kwenye flashi, na kuipatia /boot gigabaiti 2 tangu siku ya kwanza. Mashine zenye vichakataji vya biti 32 hazimo katika hesabu hiyo, kwa maana Ubuntu iliacha kuzitolea diski za usakinishaji za kompyuta za mezani mwaka 2017. Hizo hutafutiwa Debian ya matoleo ya awali, au hupelekwa kwa wanaochakata taka za kielektroniki.